Maelezo ya Fundi Adélaïde kuhusu Gari Lililozimika Njia ya Rugaaga

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Mbarara
Tarehe: 13 Machi 2025
Jina: Adélaïde Cyiza
Umri: miaka 43
Kazi: fundi wa magari
Makazi: Nyamityobora, Mbarara. Mkimbizi kutoka Kivu Kusini, ameandikishwa kambi ya Nakivale.

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema hivi:

Dereva Nehemiya Ngoga namfahamu tangu Nakivale, tulikuwa tunasali kanisa moja. Anaendesha gari dogo jeupe la petroli, la zamani, mali ya Hajati Ruqayah anayeuza vitambaa hapa mjini. Kwa gari hilo hupeleka watu na mizigo kati ya Nakivale na Mbarara, na wagonjwa pia, maana kule magari si mingi. Mwezi wa pili Hajati alilileta kwangu. Nilitoa injekta zote, yaani vile vifaa vinavyonyunyiza petroli ndani ya moteri, nikazisafisha, nikaziwekea raba mpya za kijani na kuzirudisha. Gari liliondoka likiunguruma vizuri.

Mnamo tarehe 11 Machi, mchana, Nehemiya alikuwa anamleta hospitali mama mmoja aitwaye Mukarukundo, aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Mimi sikuwepo, haya alinieleza Nehemiya mwenyewe. Walipofika upande wa Rugaaga gari lilianza kutetemeka, na kila alipopunguza mwendo lilizima. Mwisho likakataa kabisa. Mukarukundo alipandishwa kwenye lori la matoke, akafika Mbarara, akajifungua mtoto wa kike. Wote wawili ni wazima.

Gari lilivutwa mpaka mjini. Mtu mmoja aliyefungua boneti barabarani alimwambia Hajati kwamba injekta nzuri zimeuzwa na kuwekwa mbovu. Hajati akaja kushtaki. Nehemiya akawekwa ndani.

Tarehe 12 asubuhi mke wa Nehemiya alinifuata kazini. Alikaa tu kwenye tairi akanitazama. Nilichukua vyombo vyangu nikaja hapa. Nilisimama nje muda mrefu. Mume wangu alichukuliwa na watu wenye sare kule kwetu, na tangu siku ile sikuwa nimeingia fasi yenye bendera mlangoni. Sajini Kamaldin aliniona akauliza, "Nyabo, mama, unatafuta nani?" Nikamjibu, "Natafuta gari." Akacheka, akafungua geti.

Gari lilikuwa uani. Hajati alikuwepo. Nehemiya alitolewa, akasimama karibu na askari. Aliniambia, "Mama, banasema nimeuza injekta. Sikuuza hata raba." Sajini akaniambia, "Fundi, hii gari iko na nini? Sema tu kile unaona."

Niliwasha. Moteri ilitetemeka hadi kioo cha mlango kikagonga. Nilipokanyaga mafuta ilitulia, nilipoachia ikatetemeka tena, ikazima.

Nilianza na fasi nilizogusa mimi mwenyewe, kwa sababu kama kosa ni langu, nilitaka lionekane kwanza. Nilimwonyesha Sajini zile raba za kijani kwenye injekta zote. Aliinama, akaona ni injekta zilezile nilizorudisha mimi. Niliwasha tena, safari hii Nehemiya akaruhusiwa kushikilia mafuta kidogo ili lisizime. Nilinyunyiza maji kuzunguka injekta, kwa kuwa palipo na ufa moteri huyavuta maji na mlio hubadilika. Haukubadilika. Niliweka bisibisi juu ya kila injekta na sikio langu kwenye mpini. Zote zilikuwa zinagonga sawasawa. Nikachomoa nyaya za plagi mojamoja, na kila mara moteri ilidhoofika kwa namna ileile. Maana yake hakuna upande wa moteri uliokufa.

Hajati akasema, "Kama zote nzima, mbona inatetemeka hivyo?" Nehemiya alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Hapo Nehemiya akasema, "Na breki pia zilikuwa ngumu. Nilisema."

Nilimwomba Hajati akae kwenye usukani akanyage breki moteri ikiwaka. Akakanyaga. Akasema, "Ni kama nakanyaga jiwe." Nikajua pa kutafuta. Kuna tiyo, yaani bomba nene la mpira, inayotoka kwenye moteri kwenda kusaidia breki. Nilipitisha vidole chini yake, upande usioonekana, nikakuta umepasuka urefu wa kidole. Moteri ilikuwa inavuta hewa hapo, hewa mingi kuliko petroli inayopewa. Nilibana tiyo kwa koleo kati ya moteri na ule mpasuko, na moteri ikatulia palepale. Nikaachia, ikatetemeka. Nikabana tena, ikatulia. Sajini akasema, "Rudia." Nikarudia.

Hajati hakushuka garini. Alisema, "Nehemiya aliniambia breki ngumu. Nikamwambia mguu wake ndio mvivu." Kisha akasema, "Nehemiya, nimekukosea. Nilimfikiria yule mama, nikashindwa kujizuia." Nehemiya alijibu, "Hata miye nilimufikiria, Hajati."

Hajati mwenyewe alienda dukani kuleta tiyo mpya ya breki, nikaifunga. Sajini alipanda, tukaenda mpaka Biharwe na kurudi, Nehemiya akiendesha. Kwenye matuta yote alipunguza mwendo na gari halikuzima. Jioni Hajati aliondoa mashtaka.

Leo asubuhi, kabla sijaja kuandikisha haya, nilipita hospitali. Hajati alikuwa amekaa kiti cha nyuma cha gari na kitenge kipya magotini, Mukarukundo kando yake, mtoto amelala. Nehemiya alikuwa anawarudisha Nakivale. Nilikanyaga breki mara moja kwa mguu wangu, nikamwambia Nehemiya, "Nenda."

Niliyoyasema hapa niliyaona na kuyashika kwa mikono yangu; yale niliyosimuliwa nimesema ni ya kusimuliwa.

Sahihi ya shahidi: Adélaïde Cyiza

Maelezo ya afisa: Nimeandika haya kwa Kiswahili na kumsomea shahidi, akakubali kuwa ni sahihi. Aliomba jambo moja: kila palipoandikwa "mtuhumiwa", niandike "dereva" au jina lake. Nimeandika upya kurasa zote.

Kamaldin Isma, Sajini