10,007 Haigawanyiki

Jumanne, baada ya magharibi

...na bado haigawanyiki! Nimejaza kurasa tisa, mkono unaniuma. 10,007 kwa saba, inabaki nne. Kwa kumi na tatu, inabaki kumi. Kwa themanini na tisa ndiyo kabisa, inabaki thelathini na tisa.

Jumamosi mume wangu, mwalimu wa hesabu huko Miono, alinipigia simu: "Mke wangu, ukipata namba ya kuigawa 10,007 bila baki, Ijumaa nakuja." Ndoa yetu haijatimiza miezi miwili. Kwa sauti ile tamu, ningegawa hata mchanga wa pwani.

Leo nilishafika 113. Wifi yangu Zuhura, yuko kidato cha tatu, akachungulia daftari, akacheka mpaka akakaa chini. "Wifi, umeingizwa mjini! Hiyo namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Tena ungeishia mia tu. Mia na moja mara mia na moja imeshaipita."

Mia! Kumbe kurasa zote za baadaye nilijichosha bure.

Nikampigia mume wangu palepale. "Ulijua?"

Akasema, "Nina mitihani ya kusahihisha, mpenzi. Nilishindwa kukwambia siji."

Nimekasirika, na bado nampenda hadi naona aibu. Angesema tu! Naogopa asije akazoea kunificha mambo kwa mzaha.

Nikamwambia, "Sahihisha mitihani yako, mume wangu. Mimi mwezi huu hauishi, nakuja Miono mwenyewe."