Kopo la Mlangoni mwa Friji

Leer, 3 Machi

Mwanangu Wiebke,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya tafakuri ya kutosha, natangaza kwamba kijagi cha krimu cha marehemu bibi yako kimevunjika. Kilianguka chenyewe, mimi nilikuwa nimekishika tu. Kilivumilia vita viwili na ndoa yangu, kikashindwa na Jumanne.

Hujambo lakini? Mimi mzima, isipokuwa moyo, ambao daktari anasema umezeeka. Nimemjibu kwamba tuna umri mmoja.

Nimeandika wosia wa matibabu. Moyo ukisimama, nisifufuliwe. Mama yako alifufuliwa, na kwa miaka miwili akatutazama kama watu walioingia nyumba siyo. Wewe ndiye daktari unayepanda gari la dharura na kuingia majumbani mwa watu. Niambie: karatasi yangu mtaiheshimu, au nimepoteza wino?

Baba yako,
Enno

Hannover, 12 Machi

Baba mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa kijagi. Mimi sijambo, usingizi tu ndio haba.

Swali lako nililipeleka kazini kwenye chumba cha kahawa, likazua ugomvi. Ubbo, mkubwa wetu, alisema, "Nafika, mke analia, jirani anapiga kelele 'fanya kitu!', na karatasi iko kabatini, kurasa kumi na mbili za lugha ya mawakili. Nisome au nikandamize kifua?" Yeye hukandamiza. Svantje, daktari mwenzetu, akamrukia: "Bwana mkubwa, sema tu unamwogopa jirani!"

Wengi wanauheshimu wosia ukiwa mfupi, una sahihi na unaonekana. Mimi niko upande wa Svantje. Kumfufua mtu aliyekataa ni kumvunjia mlango.

Basi andika ukurasa mmoja. Utie kwenye lile kopo la dharura linalouzwa duka la dawa, uliweke mlangoni mwa friji, na nje ubandike kibandiko chake. Friji kila mtu anayo, na sisi sote tunajua kuangalia humo.

Binti yako,
Wiebke

Leer, 20 Machi

Wiebke mwanangu,

U mzima? Mimi nadunda. Kopo nimenunua, ukurasa nimesaini, kibandiko kiko mlangoni mwa friji. Jirani Almuth alikiona akauliza kama nauza kitu.

Njoo Pasaka. Chai ya krimu ni vikombe vitatu, kama ilivyo desturi yetu. Anayekataa cha tatu si mtu wa kwetu.

Baba yako

Hannover, 14 Mei

Baba,

Wauguzi wanasema unakula na unagombana nao, nami nashukuru. Mbavu zinaendeleaje?

Tangu Pasaka hujaniandikia, na hospitalini ulinigeuzia mgongo ukatazama ukuta. Basi acha niseme. Moyo wako uliposimama siku ile ya Pasaka, ukaanguka tukiwa kwenye kikombe cha pili, Almuth alipiga kelele, "Fanya kitu, wewe si daktari?" Friji ilikuwa mbele yangu, kibandiko nakiona. Kilichoandikwa nilikijua, nilikushauri mwenyewe. Nikapiga magoti nikakandamiza, mpaka wenzangu wa huko wakafika na mashine ya kushtua moyo.

Sikumwogopa jirani. Nilikuwa bado nakuhitaji.

Ubbo nimeshamwomba radhi. Kwako sijui nianzie wapi.

Binti yako

Leer, 25 Mei

Mwanangu Wiebke,

Salamu. Nimerudi nyumbani, naendelea vizuri. Mbavu zinauma nikicheka, kwa hiyo Almuth nimemkataza kuja.

Nilikasirika, sikufichi. Nilikuwa nimekuandalia hotuba ya kukutoa machozi, nikafungua friji nichukue ushahidi. Ndani ya kopo mlikuwa na krimu, tena imeganda.

Ndipo nikakumbuka. Ulikuwa unakuja, kijagi kimevunjika, na kopo lina kifuniko kizuri, nikatia krimu humo. Karatasi nikaiweka chini ya saa, nikaisahau. Mezani nilikuletea krimu kidogo kwenye kikombe cha kuwekea yai, ukanicheka.

Kwa hiyo hata angekuja Svantje mwenyewe, angefungua kopo akakuta krimu, na kwa krimu hakuna daktari anayeruhusiwa kumwacha mtu afe. Umesamehewa, kwa kukosekana ushahidi. Kikombe cha tatu hatukukinywa; njoo tukinywe.

Karatasi nimeirudisha kwenye kopo. Kijagi kipya nimeshanunua.

Baba yako