Supu ya Aliyesafiri

Yazd, 9 Aban 1350 (31 Oktoba 1971)

Mwanangu Jalil,

Salaam nyingi. Mimi mzima, isipokuwa goti. Wewe je, unakula? Tangu uondoke nawaambia watu kama ulivyonifunza: Jalil yumo ndani, ana homa ya matumbo. Mullah wetu anasema nyinyi mnaompinga mfalme ni makomunisti mliojifunika Kurani.

Siku ya tatu ya safari yako, kama desturi, nilikupikia supu ya tambi ya msafiri, nikawagawia majirani ili urudi salama. Sikusema ni ya nani. Mama gani angeacha?

Mama yako

Tehran, 20 Aban

Mama mpenzi,

Nakubusu mikono. Pole na goti. Mwambie mullah Imamu Husein hakwenda Karbala kumpigia mfalme makofi. Kurani yetu ni ileile, ila tunaisoma tukiwa upande wa wenye njaa.

Lakini Mama, ile supu! Nani humpikia mgonjwa wa chumbani supu ya msafiri? Mume wa jirani yetu Bi Kowkab alikula, akafuta mdomo, akaenda kwa askari. Hojjat, aliyenisindikiza kituoni, amekamatwa. Wanampiga nyayo kwa waya.

Sikulaumu. Hapana, nakulaumu kidogo. Usiandike mpaka nikuandikie.

Mwanao

Yazd, 3 Dey

Jalil wangu,

U mzima? Najua umenikataza. Askari walikuja: "Bibi, ulimpikia nani?" Nikasema ni nadhiri ya marehemu babako, napika kila Alhamisi. Basi ikabidi nipike kweli. Sasa supu yangu haimwambii mtu kitu.

Nilikwenda kwa mama yake Hojjat nikamweleza yote. Alinifungia mlango. Alhamisi iliyofuata alikuja mwenyewe, akakaa, akaanza kukata tambi.

Mama yako

Yazd, 10 Farvardin 1351

Jalil,

Salaam, popote ulipo. Muuza mazulia anayetupelekea barua ameirudisha yangu, haikufunguliwa. Anasema nyumba yenu ya Tehran ina kufuli la askari. Naogopa, mwanangu. Mwaka mpya umeingia na sahani yako iko mezani.

Jana Bi Kowkab alibisha hodi, bakuli la supu ya tambi mkononi, macho mekundu. Mwanawe wa pekee, Naser, haonekani wiki nzima. "Ana homa ya matumbo," akasema.

Nilitaka kummwagia ile supu miguuni. Nikaipokea, nikaila yote palepale mlangoni, nikamrudishia bakuli.

"Usipike mara moja tu, dada," nikamwambia. "Pika kila Alhamisi."

Mama yako