Chujio la Marinda

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepunguza maneno na cherehani bado inakutii. Mimi mzima. Mjukuu wako ndiye anayeninyima raha: kifua kimembana tena.

Unajua tumepakana na kiwanda cha saruji, na madirisha yetu yamepigwa misumari ili vumbi lisiingie. Hewa tunaletewa na mashine iliyo darini, nayo ina chujio, karatasi nene iliyokunjwakunjwa ndani ya fremu. Chujio likijaa, mtoto anakohoa mpaka anashika ukuta. Daktari kasema nibadilishe kila mwezi. Mwenye nyumba kasema hilo ni langu, yeye hayumo. Na bei yake, mama! Nafua mashuka ya hoteli nzima, lakini mshahara unaishia darini.

Wewe ni fundi wa nguo. Huwezi kunishonea la kitambaa? Vipimo nimevichora nyuma ya barua. Nimeishiwa akili.

Mwanao

21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haunyamazi, nimeuzoea kama jirani mkorofi. Mwambie mume wangu mdogo kwamba mkewe anamsalimu, na asipopona upesi nitaolewa na mwingine.

Nimekushonea matatu, ya marinda kama sketi ya shule, na ndani nimetia bitana. Kitambaa ni kile kizito cha suruali za kazi. Hapo vumbi halipiti hata likiomba.

Lakini kwa nini usiniletee mtoto? Huku kwangu madirisha yako wazi mchana kutwa.

Mama yako

12 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Mumeo anakusalimu, anasema usiolewe kwanza.

Mama, umeshona vizuri mno, hata hewa imekosa njia! Mashine iliguna kama mpagazi, chumba kikawa kizito, nikalitoa mbio. Kisha nikafumua ile bitana nyepesi, nikaitandaza mbele ya chujio la karatasi. Sasa vumbi kubwa linanasa kwenye bitana, naifua kila wiki, na karatasi iliyo nyuma haijai haraka. Mwezi umepita na sijanunua jingine. Anacheza, mama. Jana aliimba!

Hilo la kumleta huko usiniambie tena. Nimezaa mmoja tu, na ni wa kukaa nami.

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, mimi sijambo. Nimecheka mpaka mgongo umenikumbusha umri wangu. Fundi kafundishwa na mfua nguo! Nimekutumia bitana nyingine za kubadilishia. Ila mtoto wa kifua si wa kujaribia mambo. Karatasi ikichakaa, nunua, hata kama utakopa.

Mama yako

17 Juni

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Nakuandikia nikiwa hospitali.

Karatasi ilichakaa na mfuko ulikuwa mtupu. Mimi kazi yangu ni kufua, mama, kila kichafu mkononi mwangu hufuliwa. Nikaifua kwa sabuni, nikaianika, nikaipitishia pasi kunjo kwa kunjo, ikatoka nyeupe kama mpya. Nilijiona mjanja. Kumbe ndani ilibaki na unyevu, ikaota ukungu. Baada ya siku chache chumba kikanuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni, na mimi nikadhani ni bomba la choo. Mashine ikawa inampulizia ukungu mwanangu, naye amelala chini yake.

Sasa anapumua kwa kusaidiwa. Midomo inapobadilika rangi namwita kwa sauti, wauguzi wananinyamazisha. Mama, niombee. Mikono hii hii.

Mwanao

24 Juni

Mwanangu,

Nyamaza kwanza. Sikulaumu, na usinikere kwa kujilaumu. Akipata nafuu tu, nakuja kumchukua. Safari hii sikuulizi. Nimeshafunga cherehani.

Mama yako

2 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mume wangu anakimbia uani mpaka namkemea. Dawa ya kifua sijaifungua tangu tufike. Anakula, ananenepa. Mwanzoni alikulilia, siku hizi anakutaja tu.

Je, umepata chujio jipya? Usikae na lile lililooza.

Mama yako

19 Septemba

Mama,

Shikamoo. Ahsante. Kwamba ananenepa nimesoma mara nyingi. Kwamba hanililii tena nimesoma mara moja, nikakunja barua.

Juzi nilitoka kazini, nikabisha mlango, nikasimama kungoja nifunguliwe, na ufunguo ninao mwenyewe.

Chujio sijanunua. Lile bovu nimelitupa na mashine nimeizima, maana mimi kifua changu ni kizima na vumbi nalimudu. Miezi yote ile nilihangaika nipunguze gharama. Sasa hakuna gharama, mama. Kuna kimya tu huko darini, na kitanda chake nakitandika kila asubuhi.

Mwanao