Mtutu Unaotoka na Kurudi

Borovlje, 2 Septemba

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Shangazi bado anakupa ile chai ya majani ya mlimani? Mimi ni mzima, isipokuwa visigino, maana viatu vya kazini ni vipya. Nafurahi kwamba tunaandikiana kama tulivyokuwa tukiandikiana kwenye daftari la jikoni. Masikio yako uliyaacha kiwandani, na mdomo wangu mimi sijui niliuacha wapi, kwa hiyo karatasi inatufaa sote wawili.

Mwezi wangu huu wa tatu kazini nimepangiwa handaki la majaribio. Nafunga bunduki kwenye kishikizo, nafyatua, napima matundu kwenye shabaha, kisha najaza kadi. Msimamizi wangu ni Gernot. Anasema alikuwa mwanagenzi wako na kwamba ulimpiga kofi moja tu. Ananiita Redio kwa sababu siongei. "Redio, punguza sauti, tunaumwa vichwa," huniambia kila asubuhi, na wote hucheka.

Dirisha lako bado lipo. Ule mstari mweusi kwenye kioo, uliokuwa ukiutazama kupitia ndani ya mtutu ili kujua kama umenyooka, hawajaufuta. Mbele yake wameweka mashine ya kahawa. Nikisubiri kikombe changu huwa nauangalia mpaka mtu ananisukuma nisogee.

Sasa habari yenyewe. Kiwanda kinatoa bunduki mpya. Ni ya komeo la kuvuta kwa mkono, ya kulengea shabaha za mbali, na mtutu wake unafunguliwa kwa spana moja tu. Unatoa huu, unaweka mwingine wa risasi za aina nyingine, dakika mbili umemaliza. Tangu kiwanda kianze, miaka mia na sabini, hakijawahi kutoa kitu kama hiki. Wanasema ukiurudisha mtutu wa kwanza, risasi itapiga palepale ilipokuwa ikipiga. Wewe unasemaje?

Bunduki ya kwanza wataonyeshwa wageni tarehe 27, pamoja na kadi yake. Atakayetia sahihi kwenye kadi ni mimi. Siku hiyohiyo ndipo miezi yangu mitatu ya kupimwa inapokwisha, na nitajua kama wananiajiri.

Mjukuu wako,
Zalka

Kapla, 6 Septemba

Mjukuu wangu Zalka,

Marahaba. Kifua kinakohoa kwa adabu, hakisumbui wageni. Ile chai naimwagia waridi lililo dirishani, na sasa waridi nalo limeanza kukohoa. Usimwambie shangazi yako. Visigino vivalishe soksi mbili.

Gernot nilimpiga makofi mawili. La pili ndilo lililomsahaulisha la kwanza.

Mashine ya kahawa! Pale dirishani tulikaa wanaume watano, Zalka. Majira ya baridi tulisubiri jua lipande juu ya milima ya Karavanke, maana taa ya umeme humdanganya mnyoosha mtutu. Mtu anauelekeza mtutu kwenye kioo, anafumba jicho moja, kivuli cha ule mstari kinaingia ndani na kulala kama uzi. Uzi ukijikunja, unagonga mara moja kwa nyundo ya shaba, unatazama tena. Hakuna aliyeongea. Saa nne tulikula ugali wa unga mweusi wa bakwiti na maziwa mgando, sufuria moja, vijiko vitano. Wenzangu wanne wote nimewazika. Ugali nao hapa wanaupika mwepesi kama uji.

Bunduki hiyo siiamini. Mtutu na mwili wake ni mume na mke. Mke ukimrudisha kwao kila Jumatatu na kumchukua kila Ijumaa, usishangae siku moja akikupikia bila chumvi.

Usidanganywe na kundi la matundu. Itazame risasi ya kwanza baada ya mtutu kurudishwa. Hiyo ndiyo inayosema kweli. Kama haiendi nyumbani, usitie jina letu. Jina la Oraže limekaa kwenye kadi miaka arobaini na moja, na hakuna bunduki hata moja iliyorudi na kadi yangu mkononi mwa mtu mwenye hasira.

Na usisahau nilichokufundisha ukiwa mdogo: chuma kilicho wazi hakiachwi bila mafuta, hata kwa muda wa kupiga chafya.

Babu yako,
Foltej

Borovlje, 14 Septemba

Babu yangu,

Shikamoo, na pole kwa waridi. Mimi sijambo. Soksi mbili zimesaidia.

Umesema kweli, na natamani ungekuwa umekosea. Nimeubadilisha mtutu mara kumi na moja. Kila mara nafuta, napaka mafuta mahali unapokaa, naurudisha, nakaza kwa kipimo kilekile. Kila mara risasi ya kwanza inakwenda chini kushoto, upana wa vidole vitatu kwa mita mia. Ya pili inasogea karibu. Kuanzia ya tatu zote zinaingia tundu moja.

Nilimwonyesha Gernot zile karatasi. Aliziangalia moja moja, akasema, "Sasa piga mbili za kuupasha moto mtutu, halafu tano za kadi. Nani atauliza habari za zile mbili?"

Nilizikunja zile karatasi nikazitia mfukoni.

"Redio imeishiwa betri," akasema, lakini safari hii hata yeye hakucheka.

Nisipotia sahihi, atatia mwingine, na mimi nitarudi nyumbani. Nikitia, nitakuwa nimeandika uongo kwa jina lako.

Zalka

Kapla, 18 Septemba

Mjukuu wangu,

Marahaba, na salamu kutoka kwa shangazi yako, ambaye bado hajajua kinachoua waridi lake.

Nilijua! Nimeisoma barua yako mara nne, ya mwisho nikiwa nimesimama. Wakati wetu mtutu ulikaa mahali pake mpaka mwenye bunduki afe, na mwanawe afe. Sasa wanataka kila kitu kifunguke na kufungika kama chupa ya soda.

Usitie sahihi. Wakikufukuza, rudi hapa. Chumba chako kipo, na mimi nitakupikia ugali mgumu. Hakuna mtu aliyekufa kwa kukosa kazi akiwa na jina safi.

Usiogope.
Babu yako,
Foltej

Borovlje, 23 Septemba

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya kuanza nilisali.

Ijumaa alikuja Ilse kutoka ofisi ya mauzo ya Graz, na mpiga picha wake. Gernot akampa Ilse mtutu aufunge ili apigwe picha. Mimi nikampa tambara la mafuta.

"Hilo silishiki, mdogo wangu," akasema. "Shati hili nimelinunua jana."

Akapachika mtutu ukiwa mkavu. Gernot akamwacha afyatue risasi moja, kwa kumfurahisha. Nilipokwenda kuchukua karatasi nilikuta tundu katikati kabisa.

"Bahati ya mgeni," wakasema.

Mimi sikuamini kwamba ni bahati. Jana na leo, wenzangu walipokwenda chakula cha mchana, nilibaki handakini. Nimefunga mtutu mara kumi ukiwa na mafuta mahali unapokaa, na mara kumi nikiwa nimepafuta pakawa pakavu. Kwa mafuta, risasi ya kwanza imepotea mara kumi. Kwa ukavu, imekwenda nyumbani mara kumi. Nadhani ule utando wa mafuta unauzuia mtutu kukaa sawasawa, mpaka risasi mbili za mwanzo ziukamue.

Nilimwambia Gernot kwa mdomo wangu, Babu, mbele ya watu. Nilianza sentensi mara tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na nani alitufundisha kupaka mafuta pale?"

Sikukutaja. Lakini aliitazama mikono yake mwenyewe, na akajua kama ninavyojua.

Bunduki haina kosa. Kosa lilikuwa mkono wangu, na mkono wangu nilifundishwa na wewe. Naandika hivi huku nikiona aibu, kana kwamba nakuvunjia heshima, lakini wewe ndiye uliyesema niitazame risasi ya kwanza.

Nataka kutia sahihi. Sitaki kuitia kabla sijasikia neno lako. Tafadhali niandikie ifike kabla ya tarehe 27.

Zalka

Borovlje, 10 Oktoba

Babu yangu,

Shikamoo.

Barua yako haikuja. Tarehe 27 nilikwenda sanduku la barua mara mbili kabla ya kazi, kisha nikatia sahihi. Chini ya matundu nimeandika: "Mahali mtutu unapokaa pafutwe pawe pakavu. Z. Oraže." Wageni walibadilisha mtutu wenyewe na kupiga. Wote walipata. Mimi nilisimama nyuma ya mashine ya kahawa. Wameniajiri.

Nimempigia shangazi simu. Anasema hujambo, unakula, ila unashinda bandani umejifungia, na mlango humfungulii hata paka. Nimekuumiza? Kama nimekuumiza, niambie, usininyamazie. Kunyamaza ni kazi yangu mimi.

Zalka

Kapla, 21 Oktoba

Zalka wangu,

Marahaba, mara mbili, kwa barua mbili. Mimi ni mzima. Kifua kimetulia. Nimeanza kunywa ile chai.

Hukuniumiza. Au niseme umeniumiza mahali palipostahili. Kuna jambo sijawahi kulisema kwa mtu. Ile bunduki yangu ya kuwindia, ya kukunjwa katikati ili kuingiza risasi, ina mitutu miwili ya kubadilisha, licha ya yote niliyokuambia juu ya mume na mke. Kila nikiufunga mtutu, risasi ya kwanza hupotea. Kwa hiyo miaka thelathini na minne, kila nikipanda mlimani, risasi ya kwanza nimekuwa nikiipiga kwenye kichuguu cha udongo. Niliwaambia wenzangu nausalimu mlima. Wakaiga. Mpaka leo huku Kapla wawindaji wote wanausalimu mlima.

Bandani nimeifuta bunduki hiyo kwa pombe kali ya matunda ya plamu, chuma kitupu, bila tone la mafuta. Mkono ulikuwa mzito, kana kwamba namvua mtoto nguo kwenye theluji. Nikaenda kwenye kichuguu kile kile, nikabandika karatasi. Risasi ya kwanza, Zalka, katikati. Nikaufungua mtutu, nikaurudisha. Katikati. Nilikaa chini kwenye majani nikacheka mpaka shangazi yako akaja mbio na shuka, akidhani nimeanguka.

Nilikawia kuandika kwa sababu kila siku nilitaka kupiga moja zaidi, nione kama nitakuwa sahihi mimi. Sikuwa.

Nakuja Jumatano kwa basi la asubuhi. Mwambie Gernot mtutu nitaufunga mimi. Mikono nitainawa hapa nyumbani kwa sabuni ya kufulia, kisha nitavaa glavu za shangazi yako mpaka kiwandani, nisiguse kitu chenye mafuta njiani.

Babu yako,
Foltej