Majina 1,904 na Feni Iliyokula Salfa

Jumatatu, 8 Julai 2024
Umeme umekatika mara nne. Mara nne nimewasha kompyuta, mara nne imenisimamisha: feni haizunguki sawasawa, bonyeza F1 kuendelea. Sekunde arobaini kila mara – na wateja wamesimama, wanasoma! Mwalimu Loveness, aliyeleta mtihani wa kuchapa, akasema mashine hii ipelekwe hospitali ya Mkomaindo ikalazwe. Foleni nzima ikacheka. Nikacheka na mimi, kwa meno tu. Steshenari hii nimeianza na meza ya kukodi hapa Masasi. Fundi sijawahi kumwita hata siku moja.

Feni najua inaumwa nini. Mifuko minane ya salfa ya kupulizia mikorosho yangu ya Chiwata nimeipanga nyuma ya kompyuta, maana stoo ya nyumbani wanaiba na dukani kuna kufuli mbili. Vumbi la njano liko hadi kwenye chai. Basi, feni imekula salfa. Itazoea. Sisi tumezoea.

Jumatano, 10 Julai
Mzee Bartholomayo kafika kutoka Lulindi na kurasa za mwisho za daftari la ubatizo la kanisani kwao. Shikamoo – marahaba, Mama Faidha, wazee wangu hawajambo humo ndani? Anaiulizia kompyuta kama wodi.

Daftari limeliwa na mchwa. Ukigeuza ukurasa unabaki unga mkononi. Nikishachapa, karatasi haipo tena – iliyobaki ni ya kwenye kompyuta tu. Majina 1,904, na 61 kati yao ni Bartholomayo! Mimi Mwislamu, lakini sasa ukoo wa Kianglikana nitajie wowote. Sijaprinti hata moja. Wino nautunza mpaka nimalize kusahihisha. Jubilei ya kanisa lao ni Jumapili tarehe 28. Mzee anataka jina la mama yake lisomwe kwa sauti mbele ya watu.

Jumamosi, 13 Julai
Nimeishinda! F2 mara tisa ndipo ikanifungulia setingi za ndani. Orodha ya maonyo hii hapa: feni, joto, diski, kumbukumbu. Ningeweza kuzima la feni peke yake. Chini kabisa kulikuwa na la kuzima yote. Sasa kwa nini nipunguze? Nikazima yote.

Imewaka kimya, sekunde kumi na tisa. Nimejipa uinjinia papo hapo, bila sherehe. Anifa, jirani yangu wa vitenge, akauliza: kwa hiyo imepona? Nikamwambia imenyamaza. Akasema haya, kama mume wangu.

Jumanne, 23 Julai
Imezimika yenyewe. Ukiiwasha, diski inagonga – tak, tak, tak – halafu skrini nyeusi.

Nakala sina. Flashi kumi na mbili ninazo kwenye kabati la kioo, nawauzia watu huku nikiwahubiria: wekeni nakala, jamani, wekeni nakala!

Jumatano, 24 Julai. Newala
Nimekuja nayo mapajani, imefungwa kitenge cha Anifa kama mtoto mgonjwa. Fundi Vitalis kaifungua, kapiga chafya mara sita. Mama, humu mnalima?

Kanieleza. Feni ilisimama, joto likapanda, diski ikaanza kufa, pengine wiki nzima sasa. Lakini lazima ilikuwa inakuonya kila ukiiwasha, mama. Nikajibu haikusema kitu. Kweli tupu – nilikuwa nimeiziba mdomo! Baadaye nikakiri. Hakucheka. Bora angecheka. Ameifunga diski kwenye mashine yake, anajaribu. Haahidi.

Nimetoka barazani kumpigia Mzee Bartholomayo. Niliandaa uongo wa aina tatu. Aliposema marahaba, zote tatu zikanitoka kichwani, nikasema ukweli. Akauliza: Mama Faidha, una kalamu?

Majina ya watu wote hana, kasema, lakini ya kwao anayo kichwani. Karatasi sina, naandika humu humu. Isabela, mama yake. Yuliana, mdogo wa Isabela. Charles. Dickson, aliyefundisha kwaya. Grace, aliyefariki mchanga. Grace wa pili, aliyerithi jina. Anataja, anapumua, anataja. Mengine nimeyashusha pembeni mwa ukurasa, yamejaa hadi ukingoni.

Vitalis ananiita ndani, kuna faili moja limeonekana. Sijainuka.

Umeandika, mwanangu? Nimeandika, mzee. Mangapi? Kumi na saba. Kasema hapana, nimekutajia kumi na nane. Umemruka mtu.

Mimi, wa kuhesabu kila kitu! Nimehesabu tena kwa kidole. Kumi na saba. Nimemwomba anitajie aliyerukwa tu. Hataki. Anaanza upya, polepole, kutoka kwa Isabela.