Bosi Kapaka Springi Zote Rangi Moja

Shoga, acha unachofanya usome hii.

Mama mmoja nisiyemjua kaingia dukani kwetu kwa vipuri kwa kishindo, mikono imejaa grisi. Dereva wa lori. Anataka springi za mbele.

Nikamuuliza injini gani, modeli ya mwaka gani. Injini kubwa ni nzito, inataka springi nene, na modeli za zamani zina vipimo vyake. Bosi akadakia: "Binti, chuma ni chuma! Shahada yako haibebi lori."

CHUMA NI CHUMA! Na ni yeye aliyezipaka zote rangi nyeusi zipendeze rafuni, alama za kuzitofautisha zikafunikwa!

Mama akanigeukia mimi. "Mwanangu, zitafaa? Kesho nashuka mlima na mzigo."

Nikamwambia sina hakika, ila zisipofaa nitazifungua kwa mikono yangu.

Bosi akachomoa mbili rafuni, fundi wetu akazifunga hapo uani. Shoga, lori likainamisha pua kama linanusa lami! Bosi bila haya: "Ndiyo staili ya kisasa, mama. Inakata upepo."

INAKATA UPEPO!

Mama hakucheka. "Nikishika breki mteremkoni hivi, wanangu watanizika."

Nikachukua spana. Bosi akasema atakayegusa nati hizo, kesho asije kazini.

Nikaingia chini ya lori na shati langu la mahafali. Nati ya mwisho iligoma, mama akalala kando yangu tukaivuta pamoja, bosi amesimama juu yetu anarudia, "Usije! Usije!"

Zimetoka zote, shoga. Kesho siendi.